Majani Yaliyojikunja

Juzi, nikipita Ekerenyo mchana wa jua kali, niliona mahindi yaliyojikunja majani, na moyo ukanienda mbio kama nilipokuwa mtoto.

Mwaka ule mvua ilikatika mapema. Shamba letu lilinuka vumbi la moto, na majani yalijisokota yakawa membamba, yakichakarika kila upepo ulipopita. Niliamini mahindi yanakata roho. Baba, aliyezunguka shambani tangu asubuhi, aliamini hivyo pia. Akachukua panga.

"Afadhali ng'ombe wayale mahindi haya kabla hayajakauka kabisa."

Mama akamzuia. "Baba Moraa, ngoja kwanza jua lishuke."

"Nikingoja, nitapata nini?"

Akaanza kukata. Nililia, kwa maana hatukuwa na chakula kingine. Mama alisimama mbele ya mstari uliofuata, akakataa kuondoka.

Jua lilipopoa, niliona majani yakifunguka taratibu, mapana tena. Sasa najua mmea hujikunja ili usipoteze maji; siku ile nilidhani umefufuka.

"Tungoje mpaka lini?" Baba aliuliza.

"Mpaka kesho," Mama akajibu.

Kila jioni aliuliza vilevile, na Mama akajibu vilevile, mpaka mvua ikanyesha. Tulivuna mahindi madogo yenye mapengo, tukala.