Spika ya Kinyozi

Fundi simu huyu watu walimwita Daktari, na jina hilo alilipenda kuliko alivyokuwa tayari kukiri. Alikuwa na miaka arobaini na mmoja, mke, mabinti wawili, na kibanda cha mbao kilichoegemea ukuta wa kinyozi kama mtu aliyechoka. Juu ya meza yake kulikuwa na taa ya shingo ndefu, kioo cha kukuzia, na vifuniko vya dawa ya viatu vilivyojaa skrubu ndogo ndogo ambazo chafya moja ingezipeperusha.

Mteja akiacha simu, aliandika namba yake ya siri kwenye kipande cha karatasi ya gundi, akakibandika mgongoni mwa simu. Ndivyo kazi ilivyo. Fundi hawezi kujaribu asichoweza kukifungua. Aliyesitasita aliambiwa maneno yale yale: "Bwana, aibu ya maiti aijuaye mwosha. Na mwosha mwenye mdomo hapewi maiti wa pili." Mteja alicheka, akaandika.

Mchana, wateja wakipungua, alicheza gemu kwenye kompyuta aliyoiunganisha kutoka kwa nyingine tatu zilizokufa. Lilikuwa gemu la mdukuzi. Unapewa mji mzima, hakuna anayekuambia uanzie wapi, na unatembea ukiwa na simu mkononi. Ukiielekeza kwenye taa za barabarani, magari yanagongana. Ukiielekeza kwenye kamera, unaona ndani ya nyumba. Ukimwelekezea mpita njia yeyote, juu ya kichwa chake panatokea mstari mmoja wa maneno: huyu kafukuzwa kazi jana, huyu ana deni la kamari, huyu ametafuta mtoto miaka tisa.

Alikuwa pia katika kundi la simu la wachezaji, watu mia nne wasiowahi kuonana, na humo aliandika maoni yake. Mtu ambaye siku nzima huulizwa tu "itapona lini?" alifurahi kuulizwa anaonaje. Kila mara aliandika vichwa viwili: Ubora, halafu Udhaifu. Wiki ile alikuwa akiandika kuhusu gemu la mdukuzi, na kinyozi akamletea simu iliyopoteza sauti.

Walikuwa marafiki wa miaka kumi na mmoja. Kinyozi alikuwa mtu wa makamo, mnene, mcheshi, wa kumnyoa mtu na kumtania kwa pumzi ile ile. Barua ikija alibisha ukutani: "Daktari, hebu nisomee hii, miwani imebaki nyumbani." Daktari alisoma. Miaka kumi na mmoja, na haikumpitia akilini hata mara moja kwamba hajawahi kumwona rafiki yake amevaa miwani.

Spika ilikuwa imekufa. Akaifungua simu, akaweka spika nyingine. Kujaribu spika lazima upige sauti, na fundi mwenye adabu ana wimbo wake wa kujaribia. Siku hiyo kidole chake kiligusa rekodi ya kwanza iliyokuwa kwenye kioo cha simu.

"Ba," ilisema sauti ya kinyozi, polepole, kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe. "Ba. Be. Bi. Bo... bu. Ba-ba. Baba. Baba a-na... a-na-li-ma." Kimya. Halafu, kwa sauti ya chini yenye furaha: "Vizuri sana, mzee. Vizuri sana."

Ile ya kwanza ilikuwa bahati mbaya. Zilizofuata zilikuwa thelathini, na zote alizisikiliza kwa hiari yake, kiwiko mezani, akitabasamu. Akajiambia kuwa anatabasamu kwa upendo. Huenda hata ilikuwa kweli, na hilo ndilo lililomchoma baadaye.

Jioni ile ile alimaliza maoni yake. Chini ya Ubora aliandika kwamba mji umejengwa kwa mkono wa mtu anayejua miji, mvua yake inang'aa juu ya lami, na kazi moja unaweza kuifanya kwa njia tano, hata bila kuingia ndani ya jengo. Akaongeza: "Tena unampekua kila mtu na hakuna anayegeuka kukuuliza." Chini ya Udhaifu aliandika kwamba magari yanateleza kama sabuni bafuni, na shujaa analilia kisasi kwa sura ya mtu anayesubiri basi. Kisha akafika kwenye siri. "Siri za gemu hili ni nyepesi," aliandika. "Kamari, uzinzi, basi. Siri ya kweli haifanani hivyo. Mimi ni fundi, nazijua. Siri ya kweli ni jamaa wa miaka hamsini na kitu anayejirekodi akisoma ba be bi bo bu, halafu anajipongeza mwenyewe: vizuri sana, mzee." Alisita kidogo. Jina sikuweka, alijiambia. Akatuma.

Kundi likampigia makofi. Maoni yakasambazwa kwenye kundi jingine, na jingine tena.

Jumamosi Daktari alikuwa amekaa kwenye kiti cha kinyozi, shuka shingoni, nusu ya kichwa imenyolewa. Benchi lilikuwa limejaa. Dereva wa teksi aliyekuwa akisubiri zamu aliinua simu yake.

"Daktari! Kumbe wewe mwandishi? Shemeji yangu kanitumia hii, kuna jina lako la utani chini."

"Achana nayo, bwana. Mambo ya gemu hayo."

"Aa, tulia unyolewe. Sikilizeni, wazee."

Akaisoma yote, kwa sauti ya mtangazaji wa mpira. Kwenye magari na sabuni watu walicheka. Kwenye shujaa na basi walicheka zaidi. Daktari alikuwa na nafasi ya kumzuia. Alikuwa na sentensi mbili nzima. Mashine ilikuwa ikinguruma juu ya sikio lake, na sifa zilikuwa tamu.

"...vizuri sana, mzee!" Dereva alimaliza, na benchi likaanguka kwa kicheko.

"Ni yule mbeba mizigo wa dukani!"

"Si yeye, yule hata simu hana. Ni mlinzi wa benki, usoni mwake hamna hata herufi moja!"

"Daktari, tupe jina basi, usitunyime raha."

Mashine ilisimama. Sekunde mbili, pengine tatu. Kwenye kioo Daktari aliuona mkono wa rafiki yake ukining'inia hewani, ila macho yake hakuthubutu kuyatafuta. Angeweza kusema amebuni tu. Angeweza kusema ukweli. Alichosema, na akacheka akikisema, ni: "Siri ya kazi, jamani."

Mashine ikanguruma tena. Kinyozi alimnyoa vizuri kuliko siku zote. Alilichonga paji kama mtu anayepiga mstari kwa rula, akamfuta shingo, akakung'uta shuka. Hakumtania. Kati ya yote ya siku ile, huo ndio ukatili pekee aliofanyiwa Daktari, nao ulimtosha.

Usiku, Daktari alipofungua gemu, alisimama kwenye njia panda ya mji ule na kuwaacha watu wapite. Hakuna aliyegeuka. Akarudi kwenye maoni yake, akaifuta sentensi ile ya Ubora, akaifuta na nyingine, akayafuta maoni yote. Ilikuwa kama kuzoa maji yaliyomwagika; kila kundi lilikuwa na nakala yake.

Jumatatu asubuhi, kinyozi akifagia, Daktari aliingia na kusimama karibu na mlango.

"Kaka, nisamehe."

"Ulisikiliza ngapi?"

"Zote."

Kinyozi aliendelea kufagia mahali ambapo palikuwa pasafi tayari. "Januari mjukuu wangu anaanza shule. Anakaa kwangu, unajua. Nilitaka akija na daftari lake nisianze kutafuta miwani." Akaliegemea fagio. "Zile sauti nilikuwa nazitunza nijisikilize, nijue nilipojikwaa. Sina mwalimu, mwalimu wangu ni hiyo simu. Sasa nikijisikiliza nasikia benchi zima linacheka. Na wewe nakusikia, umo humo."

"Nitakufundisha mimi. Kila asubuhi, kabla hatujafungua. Hakuna atakayejua."

"Wewe?" Kinyozi alimtazama, bila hasira, kama anavyotazamwa mtoto aliyeleta maji kwenye pakacha. "Mwanamume mwenzangu, mtu wa kunifundisha kwa siri sitamkosa. Nataka kitu kingine. Jumamosi wakijaa, uje uwaambie."

"Niwaambie kwamba ni wewe?"

"Hivi una akili kweli? Uwaambie kwamba ni wewe. Kwamba kuna mtu alikuachia simu ukaingia ndani. Wanamcheka mlinzi wa watu tangu juzi. Leo asubuhi amepita hapa wakamwimbia ba be bi bo bu mpaka kona. Hao wanamtafuta aliyesoma. Hawamtafuti aliyepekua."

"Nitakosa kazi, kaka."

"Inawezekana," alisema kinyozi, na kuinamia fagio lake.

Siku tano Daktari alizungusha skrubu zile zile. Mkewe alimuuliza kama anaumwa, alisema mgongo. Alitunga hotuba ndefu yenye kazi nyingi, uchovu, na kidole kilichoteleza. Kila alipoirudia aliona kidole kimeteleza mara thelathini na moja.

Jumamosi benchi lilijaa kama kawaida. Dereva wa teksi ndiye aliyekuwa kitini, povu limemjaa mashavuni.

"Mwandishi huyo! Leta jipya!"

"Nina neno," alisema Daktari, lakini sauti yake ilimezwa na mngurumo wa mashine.

Kinyozi aliizima, akaiweka mezani. Bomba la nje likasikika likidondosha maji.

"Yule jamaa niliyemwandika," alisema Daktari, "si mlinzi. Ni mteja aliyeniletea simu niitengeneze, akaniamini. Nilifungua vitu vyake visivyonihusu, nikasikiliza vyote, nikawachekesha watu navyo. Nanyi mlipomcheka, nilicheka nanyi. Basi."

Hotuba yote ndefu ilikuwa imebaki nyumbani.

Hakuna aliyecheka. Dereva alimtazama kupitia kioo. "Mwaka jana simu yangu ilikaa kwako siku tatu."

"Ndiyo."

"Ulifungua?"

"Picha tu," alisema. Halafu, kwa kuwa alikuwa amekuja kusema ukweli: "Na meseji."

Dereva aliinuka kitini na povu lake, shuka bado shingoni. "Simu ya mke wangu niliiacha kwako asubuhi. Naitaka sasa hivi."

"Na yangu," alisema mwingine kwenye benchi, akasimama. Na mwingine.

Daktari akatafuta ufunguo mfukoni, akatangulia kuwafungulia kibanda.