Kitasa Kilichofunguka Majini Tu

Siku yangu ya kwanza kazini sikupewa nyundo wala patasi. Fundi Mkuu wa karakana yetu pale Vwawa, mzee wa Kinyiha aliyependa kunyamaza kuliko kula, alinisukumia kitasa kibovu juu ya meza akaniambia nimweleze kimekufa kwa ugonjwa gani. Nikasema kimezeeka. Akanitazama kama mtu aliyeuziwa mahindi yenye dumuzi.

"Hata mimi nimezeeka," alisema, "lakini bado nakuja kazini. Kitazame tena."

Nikashinda nacho asubuhi nzima. Kwa ninyi ambao hamjawahi kufungua kitasa, ndani yake mna ulimi, kipande cha chuma kinachosukumwa na springi, na kwenye fremu kuna bamba lenye tundu la kuupokea. Mlango ukilegea bawaba unaning'inia, na ulimi unaliwa upande wa chini. Ukibamizwa kila siku, ulimi unachubuka usoni. Ule wangu ulikuwa umeliwa chini, basi nikaenda kuutazama mlango wenyewe, nikakuta bawaba ya juu inacheza. Kitasa kipya kingekufa vilevile. Tangu siku hiyo nimeshikwa na ugonjwa wa udadisi, na mke wangu atawaambia kwamba siingii nyumba ya mtu bila kuchungulia vitasa vyake, hata msibani.

Kutoka Vwawa nilipelekwa Saza, kwenye nyumba za wachimbaji dhahabu. Huko vumbi la mawe liliingia kila tundu, na grisi tuliyojivunia ndiyo iliyolinasa, springi zikakwama. Tukaacha grisi, tukawa tunasaga risasi ya penseli na kuipulizia ndani. Baadaye nikahamia Tunduma, kwa meneja wa gesti na maghala aliyekuwa ameoa ng'ambo ya pili ya mpaka, Nakonde nchini Zambia, ambaye alikuambia "natotela", yaani asante kwa Kibemba, hata pale alipokuwa anakugombeza. Yeye kila mlango aliutaka na kitasa, komeo na kufuli juu yake. Alisema mpakani mlango ukisahauliwa kidogo tu, mzigo umeshavuka. Nilijifunza kwake kumzuia mtu asiingie, na nilidhani hiyo ndiyo kazi ya mlango duniani kote.

Meneja huyo ndiye aliyeniazima kwa kanisa moja lililokuwa na boti la zahanati Ziwa Rukwa. Niliambiwa makabati ya dawa ndani ya kabini, pamoja na mlango wake, yamechoka vitasa. Mimi ni mtu wa Ibaba, milimani Ileje. Sisi wa kule maji mengi tunayajua yakiwa kwenye sufuria. Lakini nilikuwa sijawahi kuona kitasa cha boti, na udadisi ulinishinda.

Nililikuta boti limevutwa mchangani, limekaa juu ya magogo, likikwanguliwa mwani. Lilikuwa la mbao, na kabini yake ilitosha kitanda kimoja, kiti na makabati mawili ukutani. Nahodha, mtu mrefu mwenye sauti ya mkutano wa hadhara, alinieleza kisa chote mbele ya nesi wa boti. Nesi huyo, Atupele, binti wa kwetu Ileje, alikuwa amekaa juu ya ndoo akikunja bandeji na hakuinua uso. Kabati lilikuwa likifunguka safarini na dawa kumwagika. Safari iliyopita zilivunjika chupa za dawa ya kuzuia damu, na katika kijiji walichofika alikuwepo mama aliyetoka kujifungua, anavuja damu. Alipona kwa neema tu. Nahodha alikuwa ameshabadilisha vitasa mara kadhaa, na kila mara vilifunga vizuri. Kwa hiyo alikuwa ameamua: tatizo ni mkono wa nesi, anaacha wazi. Likifunguka tena, anashuka botini na barua inakwenda kwa wakubwa wake.

Nilifunga kabati. Likalia ta, safi. Nikalitikisa, nikalipiga ngumi, halikufunguka. Nahodha akamtazama nesi, na mimi nikaona aibu kana kwamba nimetoa ushahidi.

Nikafungua kitasa hata hivyo. Nikamwomba Nahodha na vile vya zamani, akaniletea kwenye kopo. Nikavipanga kwenye ubao, na hapo nikasahau njaa. Ndimi zote zilikuwa zimeliwa nchani tu, ncha yenyewe, penye upana wa ukucha. Kitasa kinachoachwa wazi hakiliwi, kwa sababu hakisuguani na kitu. Hivi vilikuwa vimefungwa, tena vimeng'ang'ania kwa ncha hadi vikashindwa. Lakini pale mchangani ulimi uliingia wote kwenye tundu. Sasa kipi kilikuwa kinauvuta nje?

Nikamwendea yule nesi nikamuuliza kabati hufunguka lini. Ilionekana ni swali ambalo hakuna aliyewahi kumuuliza.

"Baba, hapa nchi kavu halifunguki," alisema. "Ni kule katikati, tukishapakia mapipa ya mafuta, mawimbi yakianza. Naliona linaachama, nalishika kwa mkono. Nikimshika mgonjwa, sina mkono wa kulishikia."

Nikamwambia Nahodha vitasa hivi nitavifunga majini, boti likiwa na mzigo wake wote. Akacheka, akaniuliza kama najua kuogelea. Nikamwambia sijui, ndiyo maana aendeshe vizuri.

Ziwa lile lina kina kifupi na mawimbi ya hasira. Nilikaa sakafuni, mkono mmoja umeshika mguu wa kitanda, nikisali kwa Kindali, lugha ya kwetu. Tulipofika mbali, nikaona kwa macho yangu. Wimbi likipita chini ya tumbo la boti, mbao zote zilijipinda, na fremu ya kabati ikaenda mshazari. Bamba likarudi nyuma, ulimi ukabaki umeshika kwa ncha. Wimbi la pili, mlango ukaachama. Nesi alikuwa mkabala nami, mikono yake yote miwili juu ya magoti. Aliiweka pale makusudi.

Nikamwita Nahodha. Akampa msaidizi usukani, akainama mlangoni, akatazama mawimbi kadhaa yakipita. Sauti yake ya mkutano ilikuwa imekwisha.

"Nesi, nimekuonea," alisema. "Nilisema mbele ya watu, na kuomba radhi nitaomba mbele yao."

Na aliomba, tulipofika ufukweni, wavuvi wakisikia.

Kazi yenyewe haikuwa kubwa. Niliweka vitasa vyenye ulimi mrefu, nikalichonga tundu la bamba likawa refu juu na chini, ili ulimi uwe na nafasi fremu inapohama. Juu yake nikaongeza kishikio cha mti kinachozunguka kwenye skrubu moja. Mlango wa kabini nilitaka kuutilia na tumbuu, kile kipete cha kupitishia kufuli, kwa nje, desturi ya Tunduma. Nahodha akanikatalia. "Boti likipinduka," alisema, "aliyemo ndani atamwita nani amfungulie?" Nikaweka komeo linalofunguka pande zote mbili. Ile hesabu ya meneja wangu haikufaa pale.

Nimestaafu sasa, naishi Vwawa. Vijana wa siku hizi wananitania kwamba wao wanabadilisha kitasa kabla mimi sijavaa miwani. Ni kweli, na wengine hurudi mlango uleule kila mwaka, wakimlaumu mwenye nyumba.

Mwaka huu Atupele alikuja kunisalimu. Anakaribia kustaafu naye, na alibaki kwenye boti lile hadi lilipochakaa. Mke wangu alimtuma atoe vikombe kabatini. Akavitoa, akafunga, kitasa kikalia ta. Kisha akausukuma mlango tena kwa kiganja, akausikiliza, akausukuma mara nyingine.

Nilimwambia, mwanangu, hicho nimekifunga mimi.

"Najua, baba," alisema, akacheka kidogo. "Mkono ndio bado haujui."

Hakuna kilichoniuma kama hilo katika miaka yangu yote ya kazi. Vitasa vya lile boti vilipona siku moja. Basi, ninyi mnaoanza, kabla hamjauliza nani ameacha wazi, nendeni kwanza mkafunge palepale panapofungukia.