Mashairi Yasiyofika Mwisho

Mdogo wangu Anyitike anaghani mashairi jukwaani tangu alipomaliza kidato cha nne, na nikuambie ukweli, hadi mwaka jana hakuna mtu Rungwe nzima aliyejua shairi lake hata moja linaishaje. Hata mimi dada yake sikujua, na mashati yake ya jukwaani nayashona mwenyewe kwenye kibanda changu hapa Bulyaga.

Tatizo si kwamba hawampendi. Wangemchukia ingekuwa nafuu. Anyitike ana sauti nzito, tulivu. Haimbi wala hapigi ngoma, anasimama tu na kusema, na akisema unasikia hadi tumboni. Sasa watu wetu wakiguswa wanajua njia moja tu, kutunza. Akifika ubeti wa tatu, mama mmoja anapiga kigelegele, anainuka na kitenge, anakuja akicheza. Mwingine anamfuata. Wilson, mshereheshaji wetu, akiona watu wameinuka anafungulia muziki. Basi, shairi limekufa hapo. Anyitike anabaki na vitenge vitatu kiunoni na maiki mkononi, anatabasamu kama mtu aliyekanyagwa kidole kanisani. Kuna kijiji walimtunza mkungu wa ndizi, wakamtwisha palepale, ubeti uko katikati.

Kiwira alialikwa kwenye harusi ya mwalimu Emiliani. Shairi lilikuwa la mume anayemwomba mkewe msamaha. Ile anafika pale mume anapokiri makosa, wakamtunza. Mpaka leo yule mume wa kwenye shairi hajasamehewa.

Nilimshauri aanzie mwisho arudi mwanzo, akaninunia. Nikamshauri awaombe watu watulie. Aliwaomba, kwa ule upole wake, wakampigia vigelegele kwa alivyoomba vizuri. Sasa watu kama hao utawafanya nini? Amewahi kwenda kughani Mbeya mjini, akafika hadi Dar, na huko wanakaa kimya, wanasikiliza, wanapiga makofi mwishoni. Walimwambia abaki. Akarudi. Nikamuuliza amerudia nini, akasema mashairi yake ni ya watu wa huku. Nikamwambia haya, endelea kufungwa vitenge.

Kwetu hasa ni upande wa Lupepo, ng'ambo ya mto. Zamani pale pa kuvukia palikuwa na magogo tu. Mdogo wangu Elina, aliyenifuata mimi, alishikwa uchungu msimu wa mvua, maji yamefunika magogo. Wanaume walimbeba kwa machela hadi ukingoni, wakasubiri usiku kucha maji yapungue. Yalipopungua alikuwa ameshafariki, na mtoto naye. Anyitike alikuwa mmoja wa waliombeba. Shairi la Elina alilitunga muda mrefu uliopita, lakini hakuwahi kulisema popote. Alisema litasemwa palepale mtoni au halitasemwa.

Mwaka jana daraja la zege likakamilika. Mzee Andongwisye, mwenyekiti wa kamati ya uzinduzi, akamwita Anyitike atumbuize kabla ya hotuba ya mgeni rasmi, akamwambia alete kitu kifupi cha kuchangamsha. Cha kuchangamsha, jamani, pale!

Anyitike akaja kibandani kwangu. Hakutaka hata kukaa.

"Dada, mengine yote wakate tu," aliniambia. "Hili nifike kwenye jina lake."

Nikamuuliza jina liko wapi. Akasema mstari wa mwisho kabisa. Nilimkaripia vibaya sana. Kwa nini uliweke mwisho, na wewe mwenyewe unajijua, huku kwetu hujawahi kufika mwisho hata siku moja! Akasema pale ndipo mahali pake. Washairi bwana, unaweza kuchanganyikiwa. Nikamfuata Wilson, nikamsihi siku hiyo asiguse muziki. Akaniitikia, ndiyo dada, hamna shida. Nikajua shida ipo.

Siku yenyewe ilikuwa na manyunyu, watu wamejaa chini ya turubai. Mama yetu, Veronika, alikaa safu ya mbele. Kiswahili chake ni cha sokoni na kanisani, na kazi ya mwanawe hakuwahi kuielewa. Siku zote alisema Anyitike ana maneno mengi kuliko shamba. Nilikaa nyuma yake.

Anyitike akaanza. Akasema mvua, akasema magogo, akasema wanaume waliosimama ukingoni na machela mabegani, hakuna anayetaka kuwa wa kwanza kuitua. Watu wakatulia. Nikaanza kusali. Na hapohapo nikasikia kigelegele.

Nilitamani kumng'oa mtu ulimi. Akainuka mmoja, wakainuka watatu, vitenge vikapepea, na Wilson, yuleyule wa hamna shida, akafungulia muziki. Anyitike akanyamaza, macho yake yakanitafuta. Mara namwona mama yangu naye anainuka, kitenge mkononi. Nikasema moyoni, hata wewe, mama. Nilikasirika mpaka machozi yakanitoka.

Lakini mama hakucheza. Alipita katikati ya wale wanawake mpaka kwenye meza ya Wilson, akasimama mbele yake, akamtazama. Muziki ukazimwa. Ndipo akawageukia wenzake, akasema kwa Kinyakyusa, wala hakupaza sauti:

"Kaeni. Bado hajafika kwa mwanangu."

Wakakaa. Mgeni rasmi hakujua Kinyakyusa, lakini naye aliiweka simu yake chini. Mama hakurudi kwenye kiti, alibaki amesimama palepale karibu na meza. Anyitike alikohoa kidogo, akarudi nyuma ubeti mmoja, akaendelea. Akawasemea wale wanaume usiku wao wote, baridi yao na aibu yao, na dada yake alivyokuwa akiwauliza kama maji yamepungua, wakimjibu bado kidogo. Halafu akafika.

"Maji yalipungua. Tulikuvusha, Elina, yakitufika magotini tu."

Akaishia hapo. Hakuna aliyepiga kigelegele, hakuna aliyepiga makofi. Mto ulisikika chini ya daraja. Wanaume wawili watatu wa rika lake walikuwa wameinamisha vichwa, na mimi nilijua ni akina nani. Anyitike akaiweka maiki mezani, akaja akaketi kando yangu, shati nililomshonea limemganda mgongoni. Miaka yote hiyo analilia ukimya, sasa amepewa, anageuzageuza shingo huku na huku kutazama nyuso za watu. Akaniinamia sikioni.

"Dada, hawajalipenda?"

Nikamwambia hebu anyamaze, ainuke akamshike mama.