Ndoo ya Mawe ya Mvua

Kwetu hakuna anayeuza barafu. Nchi ya majani chai ina baridi yake ya kutosha, na ukiingia dukani Mogogosiek ukaulizia barafu, mwenye duka atakutazama kama mtu aliyeomba kupimiwa ukungu. Ndiyo maana ndugu yangu aliposema anahitaji barafu ndoo nzima, nilicheka kwa mara ya kwanza tangu Mama augue. Nilicheka kwa hasira, lakini nilicheka.

Mama alikuwa na saratani ya koo. Ugonjwa huo umefanya makao huku kwetu. Kila ukoo una mtu wake. Hospitali ilituambia tumrudishe nyumbani tumpe chochote kitakachoshuka, na kilichoshuka kilikuwa kidogo: maziwa, uji mwepesi, na siku nyingine hata mate yake mwenyewe yalikataa. Nilikuwa nakaa kando ya kitanda na kitambaa mkononi. Yeye anatema, mimi napangusa, na tunaendelea hivyo hadi jioni. Dawa ya maumivu aliyopewa ilimtapisha tu. Sikuwahi kumwona Mama akilia maishani mwangu, na sasa alikuwa akilia bila sauti, kwa sababu kulia kwenyewe kulimuumiza.

Ndugu yangu ndiye kitinda mimba wetu, na ndiye aliyefukuzwa. Mama alimkuta nyuma ya zizi na msokoto wa bangi, yeye akiwa bado shuleni na Mama akiwa kiongozi wa akina mama kanisani. Alimtupia nguo zake nje ya lango. Yeye akaenda Siongiroi kuswaga ng'ombe wa wafanyabiashara siku za soko, halafu tukasikia yuko Nairobi, halafu hatukusikia kitu. Mimi nilibaki. Nilichuma chai, nikakamua ng'ombe, nikamshika Mama mkono kwenda kliniki. Waswahili husema asiyekuwepo na lake halipo. Basi hawajaiona nyumba yetu, ambapo kikombe cha yule asiyekuwepo hakikunywewa na mtu miaka yote hiyo.

Nilipopata namba yake na kumpigia simu, alikuja. Mama hakumfukuza. Alimtazama mara moja, akageukia ukuta, na tangu hapo hakumwambia neno. Kila asubuhi ndugu yangu alisimama mlangoni akasalimia, na mgongo wa Mama haukujibu. Nilijua hatukuwa na muda mwingi. Kama angekufa hivyo, ndugu yangu angeubeba mgongo huo maisha yake yote.

Na sasa amekuja na gunia, juu kabichi, chini mambo yake yaleyale ya nyuma ya zizi.

"Dada, hii si ya kuvuta," aliniambia jikoni. "Unaiosha na maji ya barafu. Ile unga inabaki chini, hiyo ndio dawa. Unaweka kwa siagi, unampea kidogo tu kwa ulimi. Nimeona mtu akisaidika."

"Ushawahi kuitengeneza?"

"Nimeona ikitengenezwa."

"Hata mimi nimeona ndege ikiruka."

Hakucheka. Alisema, "Analia, dada. Wewe umezoea. Mimi siwezi."

Neno hilo la kuzoea lilinichoma, na lingekuwa la mtu mwingine ningemtoa nje na kabichi zake. Lakini nilikuwa nimechoka kumwona Mama akiteseka. Nikamwambia sawa, ila Mama asijue. Akijua atamfukuza tena, na safari hii hapatakuwa na kurudi.

Barafu tuliletewa na mvua. Siku iliyofuata, mchana, wingu jeusi lilitoka upande wa msitu, ng'ombe wakaanza kulia bila sababu, kisha mawe ya mvua yakapiga bati mpaka hatukusikiana. Yalipokoma tukatoka. Katika shamba letu lote la chai, majani mabichi yaliyokuwa tayari kuchumwa yalikuwa yamechanwachanwa. Harufu ya chai iliyopondwa ilijaa kijiji. Majirani walisimama kwenye mipaka yao mikono kichwani, na katikati ya kilio hicho ndugu yangu alikuwa anakimbia na koleo, akijaza ndoo.

Niliona aibu. Bibi yetu alikuwa akisema mawe ya mvua hayaingizwi ndani ya nyumba, kwani aliyeyatupa kutoka juu atayafuata. Nilikuwa sijawahi kuliamini neno hilo, lakini nilipoishika ndoo ile na kuvuka kizingiti cha jiko, mwili ulinisisimka.

Tukafunga mlango. Yeye alitia maji na bangi ndooni, akakoroga kwa mwiko wa ugali, mimi nikashika mfuko wa kitambaa chembamba alioleta kutoka Nairobi, na maji yale yalikuwa baridi hadi vidole vikaacha kuwa vyangu. Mawe yaligongana ndani ya ndoo kwa sauti kubwa mno. Chumba cha Mama kilikuwa hapo hapo, ng'ambo ya ukuta wa mbao. Na harufu! Harufu ile haina adabu. Ilipanda, ikajaa jiko, ikapita kwenye nyufa.

Mlango ukabishwa. Alikuwa jirani, mama wa kanisani, rafiki wa Mama wa siku nyingi.

"Poleni na mawe," alisema, huku pua yake ikifanya kazi. "Mko na kicheche hapa? Atawamalizia kuku."

"Ameonekana," nilisema.

Aliitazama ndoo. "Mnafua?"

"Tunafua."

Hakuna mtu anayefua kwa barafu siku ambayo shamba lake limekufa. Alijua, nami nilijua kwamba anajua. Alikwenda kumwombea Mama, na kupitia mbao nilimsikia akimwomba Mungu afichue kila kilichofichwa katika boma hili. Ndugu yangu alisimama na mwiko hewani, bila kuthubutu kuushusha, mpaka jirani aliposema amina.

Kilichobaki kitambaani, baada ya kazi yote hiyo, kilikuwa kama mchanga wenye maji, rangi ya kahawia, na ndani yake vipande vidogo vya chai yetu wenyewe vilivyokuja na mawe. Kidogo kiasi cha kujaza kifuniko cha soda. Tulikianika kwenye karatasi chumbani kwa ndugu yangu, tukangoja. Siku hizo za kungoja zilikuwa mbaya. Chai iligeuka nyeusi kwenye miti, kituo cha kuuzia majani kikanyamaza, na Mama akaacha hata maziwa. Kila gari lililopunguza mwendo barabarani nilidhani ni polisi. Kila Mama alipofumbua macho nilidhani atauliza.

Asubuhi tuliyompa, siagi ilikuwa imeyeyuka kwenye kijiko, na tulikuwa tumekubaliana uongo: ni dawa mpya ya hospitali. Ndugu yangu alibaki mlangoni. Mimi niliinama.

"Nilisikia mkichota mawe," Mama alisema. Ilikuwa sauti ya upepo tu. "Na hiyo harufu ninaijua. Ndiyo niliyoifukuza."

Nilirudisha kijiko nyuma.

"Mwambie apige magoti."

Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa. Laana ya mama kwetu si maneno ya kutisha watoto. Kuna familia tunazozitaja kwa sauti ya chini hadi leo. Ndugu yangu naye alielewa hivyo, kwa maana alikuja akitembea kama mtu anayeenda kupigwa, akapiga magoti. Akaita, "Eiyo," jina la mama kwa lugha yetu, alivyokuwa akimwita alipokuwa mdogo.

Mama alifungua kinywa. Nikaweka ile siagi kwenye ulimi wake. Aliishikilia, akakusanya nguvu ambazo sikujua bado anazo, akamtemea kwenye paji la uso na kifuani.

Hivyo ndivyo wazee wetu wanavyobariki. Hawasemi mengi. Wanatema mate juu ya mtoto, na mtoto anakwenda salama.

"Leta ingine," alisema, na hiyo ya pili ikashuka. Ndugu yangu alilia kwa sauti, uso wake kwenye blanketi, na mkono wa Mama ukatafuta kichwa chake mpaka ukakipata. Mama alilala usingizi kabla jua halijafika dirishani, bila kukunja uso.

Mimi nilikuwa bado nimeinama na kijiko. Mate mengine ya ile baraka yalikuwa yamenirukia kwenye kifundo cha mkono. Niliyaona, na mkono wangu wa pili, ambao kwa miezi yote hiyo haukuwa na kazi nyingine, ulikuwa umeshachukua kitambaa na kuyapangusa.