Aliomba Chumba, Wakampa Mchele

Mimi si mtu wa kushtushwa. Nilianza kubeba simenti mgongoni pale Kadutu kabla sijaota ndevu, shule niliiacha darasa la nne, na leo nina depo mbili za vifaa vya ujenzi ambako hata wenye diploma wanakuja kuomba mkopo. Nimeona moto ukila soko, nimeona mlima ukishuka na nyumba za watu. Kwa hiyo Jumanne asubuhi, dada mdogo wa mteja wangu wa zamani aliponipigia simu na kusema, "Papa, grande sœur ametuacha," yaani dada yake mkubwa amefariki, nilijua kwamba habari ya kifo haiwezi kunikuta sijajiandaa. Nilimpa pole, nikauliza mazishi ni wapi, nikakata simu. Kisha nikajikuta nimeketi juu ya katoni za misumari mbele ya wateja, na hakuna aliyethubutu kuniuliza bei. Moyo wake ulikuwa umesimama usingizini, nyumbani kwake Bagira. Tulimzika Nyantende, kando ya mihogo ya mama yake, na mvua ikatukuta njiani tukirudi. Ninyi mnaonisoma hapa kila Jumamosi mnajua kwamba mhariri hunyoosha tahajia tu, mawazo ni yangu mwenyewe. Leo mawazo yangu yako kwake.

Hakuwa ndugu yangu wala hatukuwa marafiki wa kutembeleana. Alikuwa mteja, tena yule asiyeniachia faida. Ugonjwa wa utotoni ulimnyang'anya miguu, akaishi juu ya baiskeli ya magurudumu matatu, ile inayosukumwa kwa mikono. Kwa baiskeli hiyo alivusha mizigo mpakani Ruzizi miaka mingi, na kwangu alichukua rangi na misumari ya kwenda kuuza Bagira. Alijua bei zangu kuliko karani wangu. Siku aliponiambia amejiandikisha chuo kikuu, asome usimamizi wa biashara, nilicheka. "Maman, ku umri hii? Angalia miye, nilisoma wapi?" Akanijibu bila kuinua macho kwenye misumari aliyokuwa anahesabu: "Papa, weye ulitajirika bila kusoma juu uko na miguu ya kukimbilia pesa. Miye inanipasa nikae nayo pa meza." Wapakiaji wangu walipiga makofi. Nikampunguzia bei.

Kilichomkwamisha katika chuo hicho, ambacho jina lake silitaji, hakikuwa masomo bali ngazi. Mitihani ilifanyiwa ghorofa ya tatu. Baiskeli aliiacha chini, akavaa kandambili mikononi, akapanda kwa viganja, begi likining'inia shingoni. Katika duru ya kwanza ya mitihani alifika juu mlango umefungwa, wakamwandika hayupo. Ilibaki duru ya pili, wiki chache mbele. Akikosa na hiyo, mwaka mzima umepotea, pamoja na ada aliyoitoa jasho mpakani, na hakuwa na ya mwaka mwingine. Basi akamwandikia barua apariteri, yule bwana anayesimamia mambo ya wanafunzi, kwamba mtihani ushushwe chini. Jibu lilimfikia haraka, jambo la ajabu katika ofisi za kwetu. Alikuja nalo depo kwangu, limefungwa kwa kamba nyuma ya baiskeli.

"Papa, angalia. Niliomba salle, chumba ya chini, bananipa mufuko ya muchele."

"Na muchele iko muzuri?" nikamuuliza, maana mimi ni mfanyabiashara.

"Iko muzuri sana. Sasa nitaandika mutihani juu yake?"

Mpakiaji mmoja akadakia, "Maman, kama unashindwa kuula, siye tuko hapa!" Tukacheka wote, yeye akacheka kuliko sisi. Halafu akasema walimpiga na picha akiupokea. Hapo nikaona ni wakati wa mwanaume kuonyesha uwezo. Nikamwambia nitampa vijana wangu wawili wenye mabega, wampandishe kila asubuhi ya mtihani hadi ghorofa ya tatu, bila kulipa hata franka moja. Alinitazama kama anavyotazama msumari uliopinda.

"Papa, aksanti. Lakini miye si mufuko ya simenti. Siku vijana yako bakichelewa, banaandika tena siko. Na nikitaka kwenda ku choo, nitabapigia simu?"

Nimelifikiria jibu hilo tangu tulipomzika. Katika barua alikuwa ameandika, kabla ya kufika kwenye ngazi, kwamba anahitaji musaada. Sasa ninyi mnajua neno hilo limeishije katika mji huu. Tumekimbia vita, tumepokea wakimbizi, tumekuwa wakimbizi sisi wenyewe, na kila mara musaada umefika juu ya lori: mchele, mafuta ya kopo, sabuni, blanketi, na mtu mwenye kamera. Watoto wetu wamekua wakijua kwamba musaada ni kitu cha kubebwa kichwani. Kwa hiyo apariteri hakuwa mtu mbaya. Alisoma neno, mkono wake ukaenda wenyewe stoo. Mimi pia nilisikia neno, mkono wangu ukaenda kwa vijana wa kubeba, maana ndicho nilicho nacho. Wahenga wanasema mtoto akililia wembe, mpe. Sisi anayelilia kiti tunampa sahani, tena tunangoja ashukuru.

Basi nikavaa koti langu la harusi, nikaenda naye chuoni kurudisha mchele na kuomba chumba. Apariteri alishuka mwenyewe hadi chini kutupokea, heshima niliyoizoea.

"Maman, ule musaada haikufika?"

"Ilifika, papa. Nairudisha. Iko hapa nyuma yangu."

"Haiwezekani! Batasema tuliikula siye!"

"Sikuomba kukula. Niliomba mahali."

Apariteri akaitoa barua kwenye faili aliyoshika. "Angalia hapa, mukono yako mwenyewe: assistance. Assistance iko nini kama haiko musaada?"

Mama akaichukua barua. "Kweli. Ni kosa yangu." Akaazima kalamu ya apariteri, akaiweka karatasi juu ya mfuko wa mchele, akalikata neno lile kwa mstari mmoja, na juu yake akaandika jingine fupi: place. Mahali. "Sasa soma tena, papa."

Yule bwana akasoma. Nami, nisiyejua Kifaransa cha vitabu, niliona uso wake ukibadilika, kama mtu aliyeambiwa kwamba deni lake ni dogo kuliko alivyodhani. Akasema chumba kikubwa cha chini kipo, lakini kimefungwa. Ufunguo ulipotea na aliyemtangulia kazini.

"Na mbona hamukukata kufuli?" nikauliza.

"Papa, kufuli iko ya université. Kuikata inaomba crédit, pesa ya kupitishwa. Crédit inaomba kikao. Kikao iko ya mwaka kesho."

"Mwaka kesho miye sitakuwa hapa," mama akasema polepole. "Nitakuwa ku Ruzizi, na mizigo."

Apariteri akatazama barua, akatazama ngazi, akatazama zile kandambili za mikononi zilizoning'inia kwenye baiskeli ya mama, zimelika upande mmoja. Akaitia sahihi barua ile. Niliagiza msumeno wa chuma uletwe kutoka depo na nikakata kufuli mwenyewe, koti na yote. Ndani kulikuwa na mabenchi mazima na ubao wenye maswali ya mtihani wa zamani ambao hakuna aliyeujibu. Duru ya pili darasa zima lilishuka. Wa kwanza kufurahi alikuwa profesa mmoja mwenye magoti mabovu, kisha mwanafunzi mjamzito aliyekuwa akipumzika kila ghorofa, na hao hakuna hata mmoja aliyewahi kuandika barua. Yeye alifaulu, akamaliza masomo, na hadi wiki iliyopita alikuwa mhasibu wa ushirika wa wakulima. Ule mchele apariteri aliukataa kabisa. Waliula vijana wangu.

Siandiki haya kuwacheka wenye ofisi. Mimi nimejenga nusu ya mji huu, na ngazi nyingi mnazopanda ni simenti yangu. Hakuna siku niliyomuuliza mwenye nyumba nani atazipanda. Siku hizi namuuliza. Wengine wananiona nimezeeka. Lakini nawaambia, mtu akija na haja, msikieni ametaja kitu gani kabla hamjafungua mkono, kwa sababu ukarimu usiosikiliza unaweza kumpotezea mtu mwaka wake huku ukimshibisha. Chuo kilisema miaka yote kwamba hakina uwezo wa kuwapokea watu kama yeye. Uwezo wenyewe niliutoa kwenye rafu ya dukani kwangu: kufuli moja mpya yenye funguo tatu, moja ya apariteri, moja ya mlinzi, moja ya mama mwenyewe. Kwa bei niliyoinunulia mimi, si ile ninayowauzia ninyi, ilinigharimu franka elfu nane na mia tano.