Laini Iliyokatika Kila Mama Adela Alipoingia

Ilikuwa mwaka elfu mbili na moja. Hapana, nimekosea, ilikuwa elfu mbili na mbili, maana makarani wa sensa walikuwa wamekwisha kupita mtaa wa Majengo, Songea, na namba zao za chaki zilikuwa bado zinasomeka milangoni. Mwaka huo Pankrasi alikuwa na kazi yake ya pili na ya mwisho ya kuajiriwa.

Ya kwanza ilikuwa ya simu za maandishi, pale posta. Aliifanya miaka kumi na tisa, mpaka ulipokuja ule upepo wa kupunguza watu kazini naye akapunguzwa. Siku ile alikunja koti lake, akaenda nyumbani kwa miguu, akala ugali wake, akalala. Mkewe Lidwina alingoja alie au atukane, akangoja mpaka akachoka. Tangu hapo Pankrasi alikuwa hivyo tu. Ukimpa habari njema atasema haya, ukimpa mbaya atasema haya.

Kazi ya pili aliipata katika shirika la kutafuta ndugu waliopotezana wakati wa vita vya ng'ambo ya Mto Ruvuma. Ofisi ilikuwa chumba kimoja nyuma ya duka la vitenge, na mkuu wake alikuwa Violeth, mama wa Kihaya mwenye maneno mengi. Majina yote ya waliopotea hayakuwa Songea. Yalikuwa Dar es Salaam, ndani ya kompyuta kubwa waliyoiita seva. Kila asubuhi Pankrasi aliipigia kwa simu, kile kisanduku cha modemu kikipiga miluzi, na akibahatika, baada ya nusu saa hivi mlango unafunguka. Akishaingia hatoki. Anasoma majina na kuyanakili kwa ajili ya ubao wa nje, huku akingoja watu waje.

Mama Adela wa Mshangano alikuja mara ya kwanza mwezi wa tisa. Mwanawe Otto alivuka mto mwaka themanini na nne kwenda kwa wakwe zake, vita vikamkuta hukohuko. Alitaka kujua jambo moja tu, kama yu hai. Faili halikufunguliwa bila mtafutaji mwenyewe kuwepo, kwa sababu seva iliuliza maswali matatu ya kumtambua ndugu, nayo ilitaka majibu papo hapo. Basi akaja. Laini ikakatika. Akaja tena wiki iliyofuata, ikakatika. Mara ya tatu, vilevile. Na ikikatika, siku hiyo ndiyo basi, ukipiga tena seva inakukataa.

"Huyu mama ana mkosi na kompyuta," alisema Violeth. "Ingekuwa mchumba wake ningemwambia aachane nayo."

Pankrasi hakucheka. Alikagua soketi, akaukagua waya mpaka kwenye nguzo, akaazima modemu nyingine kwa mapadri. Halafu akafanya kama walivyofundishwa zamani kwenye simu: akachukua daftari, akaandika kila laini ilipokatika, saa ngapi na nani alikuwepo. Wazee watupu. Vijana wa Tunduru waliokuja kuuliza ndugu zao, hakuna hata mmoja aliyekatikiwa.

Zikabaki siku mbili. Mradi ulikuwa unafungwa Ijumaa, na laini pamoja nao. Akampigia Clinton, fundi wa Dar.

"Shikamoo mzee. Huku seva nzima kabisa."

"Marahaba. Hukatika wakija wazee."

"Sasa mzee wangu, seva itamjuaje mzee?" Clinton alicheka. "Hebu niambie, akiingia mzee unafanya nini?"

"Nainuka. Namwamkia."

"Halafu?"

"Nampa kiti, nampa maji. Tunaulizana habari za nyumbani. Mahindi, wagonjwa, mbolea. Kwetu mkubwa haamkiwi umekaa."

"Dakika ngapi?"

"Tano. Kumi, kama kuna msiba."

"Basi ndiyo hiyo, mzee! Isipoguswa dakika tatu inakata. Inadhani umeondoka."

"Nitaondokaje na mgeni yupo?"

"Ndivyo ilivyowekwa."

"Na nikipiga tena mbona inanikataa?"

"Hapo inadhani bado umo ndani. Jina lako linabaki mpaka kesho yake."

"Yaani inanifukuza kwa kuwa nimeondoka, halafu inanikatalia kwa kuwa nipo?"

"Mzee, mimi sikuitengeneza. Wala sina ruhusa ya kuibadilisha. Wewe siku hiyo usiamkie tu."

Ijumaa Mama Adela aliingia saa nne, kanga ina vumbi la njiani. Pankrasi hakuinuka. Vidole vyake vilibaki kwenye vibonye, macho kwenye kioo.

"Kaa hapo, mama. Bibi yako mzaa mama aliitwa nani?"

Mama Adela alisimama pale mlangoni, akimtazama. Violeth akamsogezea kiti, akakaa.

"Walburga," alijibu.

"Otto ana alama gani mwilini?"

"Kovu la moto. Goti la kushoto."

"Ulimzaa wapi?"

"Njiani, tukienda Peramiho."

Faili likafunguka. Pankrasi akalisoma kwa sauti ileile aliyosomea simu za misiba zamani. Otto yu hai. Mwaka tisini na tano alijiandikisha upande wa pili wa mto, akimtafuta mama yake Adela, Mshangano, Songea. Mtu alitumwa kumtafuta. Mama hakupatikana. Faili limefungwa. Anwani ya Otto haipo.

"Mimi sijahama," alisema Mama Adela. "Tangu niolewe sijahama."

"Ndiyo, mama."

"Kanisani wananijua. Mpaka watoto wananijua."

"Ndiyo."

Akakunja karatasi ya faili aliyochapiwa, akaifunga kwenye pindo la kanga. Alipoinuka, Pankrasi naye akainuka, akainama, akasema shikamoo. Mama Adela alimwangalia kama mtu aliyeamkiwa na mwendawazimu sokoni, akatoka.

Pankrasi alirudi kitini. Alitafuta ndani yake kama kuna furaha kwamba Otto yu hai, au uchungu, hakuona kitu. Akaandika ujumbe wa mwisho kwenda Dar, akaupeleka kabla laini haijafungwa saa kumi. Baadaye aliuandika tena kwa barua, mara tatu, na miaka ikapita bila jibu. Aliuliza hivi tu: huyo aliyetumwa Mshangano kumtafuta Mama Adela, alipiga hodi nyumba ya nani?