Mwalimu wa Mikono na Mwalimu wa Miguu

Siku yangu ya kwanza kazini, harimoni ilikataa kulia mbele ya kanisa zima. Ilitoa pumzi moja kama kikohozi cha mzee, ikanyamaza. Vidole vyangu vilikuwa vinapita juu ya vibonye sawasawa, hakuna hata kimoja kilichokosea, na hakuna sauti iliyotoka. Baba Paroko alisimama altareni akingoja. Wanakwaya walikuwa wameshafungua midomo. Mimi jasho lilinishuka hadi kwenye nyayo, na nyayo hizo ndizo zilizokuwa na kosa.

Ninyi vijana mliozoea piano za umeme, niwaeleze. Harimoni ni sanduku la mbao lenye vibonye kama piano, lakini halina nyuzi. Ndani yake kuna vilimi vya shaba ambavyo hulia vikipitiwa na upepo. Upepo huo unatoka kwenye mifuko iliyo chini, na anayeijaza ni mpigaji mwenyewe, kwa kukanyaga pedali mbili, mguu huu, mguu ule, bila kukatiza mpaka wimbo uishe. Ukisahau miguu, umekaa mbele ya kabati. Nililijua hilo tangu utoto, nani parokiani asiyelijua? Lakini kujua ni kitu kimoja, na mguu kukutii ni kitu kingine.

Ili mnielewe, lazima nirudi kwenye miaka ya vita.

Nilikuwa msichana aliyemaliza shule na hana la kufanya. Mji wetu wa Kindu ulikuwa umezingirwa, mashamba hayaendeki, na chumvi ilikuwa kitu cha kufichwa. Muziki nao ulifichwa. Wenye bunduki walikuwa wamechukua magitaa ya vijana na tarumbeta za shule, na nyumba iliyosikika ikilia chombo ilipata wageni. Baba Paroko, yaani padri mkuu wa parokia yetu ya Mikelenge, mtu mwoga kuliko hata mimi, akaamuru harimoni isukumwe kwenye kona ya sakristia, chumba cha mapadri cha kuvalia, na ijengewe ukuta wa matofali mabichi. Misa zikaimbwa kwa sauti ya chini, kila mtu akitega sikio nje.

Mpigaji alikuwa mmoja tu, Mwalimu Gaspari, mzee wa Alunguli, ng'ambo ya mto. Nikiwa mtoto nilikuwa nakaa nyuma yake kila Jumapili kuangalia mikono yake. Mikono tu. Hata siku moja sikuangalia chini.

Kwetu mwanafunzi hajipeleki mwenyewe kwa fundi. Anapelekwa na mkubwa wake, na mkubwa huyo haendi mikono mitupu. Shangazi yangu alichukua chumvi aliyokuwa ameificha chini ya majivu, akaifunga kwenye jani, tukavuka kwa mtumbwi. Mwalimu Gaspari akaipokea chumvi, kisha akatukatalia. Alisema huu si wakati wa muziki, watu wanatafuta uhai. Shangazi akamjibu kwamba chumvi ikishapokewa hairudi, na yeye hataondoka. Mzee akacheka kidogo, akatoa mfukoni diapazoni, kile chuma chenye meno mawili kinachotoa sauti moja isiyobadilika. Akakigonga kwenye goti, akanisikilizisha. Halafu akaanza kuongea na shangazi habari za muhogo, za magonjwa, za nani amekimbia na nani amerudi, na maongezi hayo hayakwisha upesi. Nami nilikaa pale nimeishika ile sauti kichwani, naogopa hata kumeza mate. Ghafla akanigeukia na kuniambia niirudishe. Nikaiimba. Akagonga chuma tena, ikawa ileile.

"Miye sina muntu wa kumuachia hii kazi," akasema. "Nikifa kesho, ile harimoni itakuwa kabati ya panya. Nitakufundisha. Lakini unisikie muzuri: weye pia utazeeka. Usifike pale miye nimefika."

Maneno hayo yaliniingia na hayajatoka.

Sasa, utafundishaje chombo kilichojengewa ukuta? Mwalimu alichukua ubao wa mlango uliovunjika, akauchora vibonye kwa mkaa na chokaa, vyeusi na vyeupe, kwa vipimo vyake kamili. Akanifundisha solfeji, yaani kusoma sauti kwa majina yake, do, re, mi, nami niliimba puani huku vidole vinatembea juu ya mbao. Nikikosea alijua bila kusikia chochote. Alinigusa kidole kwa kijiti cha fagio na kuniambia, hapo umedanganya. Kuhusu miguu alisema tusijisumbue, siku harimoni itakapofunguliwa miguu itajifunza yenyewe. Miguu yake ilikuwa inajua tangu zamani sana, akasahau kwamba kuna wakati ilikuwa haijui.

Kuvuka mto ndiko kulikokuwa kunanimaliza. Kila asubuhi nilitega sikio kwanza, na kama milio imesikika upande wowote, nilibaki nyumbani nikipiga harimoni kwenye paja langu. Siku moja Mwalimu aliniazima ubao nikafanye mazoezi nyumbani. Nilipoteremka kwenye mtumbwi, askari akanisimamisha, akauliza ule ni nini. Nikamwambia ni wa kujifunzia harimoni. Akaniamuru nipige. Nikaketi chini palepale, nikaweka ubao kwenye magoti, nikapiga wimbo wa sadaka kuanzia mwanzo hadi mwisho. Yeye aliinamisha kichwa kusikiliza.

"Sauti iko wapi?"

"Iko ku kichwa, shefu."

"Ku kichwa yangu ilishatoka," akasema, akanionyesha njia kwa mkono. Kesho yake niliurudisha ubao Alunguli, na sikuuvusha tena mpaka vita vilipokwisha.

Kisha Mwalimu akapata habari kwamba binti yake na wajukuu wamejificha msituni, njia ya Pangi. Akaondoka kwa miguu na diapazoni yake mfukoni, akiniachia ufunguo wa nyumba na neno moja tu, nisiache mazoezi. Hakurudi. Nilienda kumngoja mpaka majirani wakaanza kunionea huruma. Hakuna aliyeona maiti, hakuna aliyeona kaburi, hakuna aliyemwona mzee. Sijui hadi leo. Kuna watu wanasema ukikaa na jambo hilo linazoeleka. Wanasema uongo.

Mji ulipotulia, ukuta wa sakristia ukabomolewa. Harimoni ilikuwa nzima, isipokuwa panya walikuwa wameonja kona moja ya mfuko, ikazibwa kwa ngozi ya mbuzi. Baba Paroko akaniita, kwa sababu hakuna mwingine. Niliomba jambo moja tu, chombo kiwekwe upande wa kuume, mahali ambapo mpigaji anauona mlango mkubwa. Nilifikiri Mwalimu akiingia, nimwone kabla hajaketi.

Ndipo ikaja ile Jumapili ya aibu, kabla sijapata hata nafasi ya kukijaribu chombo. Nikipiga, miguu inasimama. Nikikumbuka miguu, mikono inaganda. Nilisikia watoto wanaanza kucheka. Nikaangalia mlango, hakuna mtu. Hapo mwanamke mmoja wa sauti ya pili, Mama Feza, akatoka kwenye mstari wake, akakunja kitenge, akapiga magoti chini ya harimoni na kuanza kusukuma pedali kwa viganja vya mikono. Sauti ikalipuka, watu wakashtuka.

"Piga, mwanangu," akaniambia kutoka kule chini. "Upepo nitaleta miye."

Tukaimaliza misa hivyo, chombo kimoja, watu wawili. Waliolia walilia, maana walikuwa hawajaisikia harimoni tangu vita vianze, na waliocheka walicheka mpaka wakashika mbavu. Baba Paroko hakucheka. Aliniita sakristiani na kuniambia kwamba mama wa watu hawezi kupiga magoti kila Jumapili. "Zawadi, utafute miguu," alisema, "ao tufunge ile kitu." Na mbele yangu palikuwa na Noeli. Usingizi ukaniruka kabisa. Niliona nimepewa kitu cha mwisho cha mtu aliyepotea, na mimi ndiye nitakayekiua.

Mama Feza alikuwa mshonaji, na mashini yake ya kukanyaga ilikuwa barazani, karibu na soko. Alinitumia salamu kwamba mikono yangu ilipata mwalimu, miguu haikupata, basi niilete. Shangazi akafunga chumvi tena, ingawa wakati huo chumvi ilikuwa imeshajaa sokoni. Mama Feza akaipokea kwa mikono miwili, na akanikubali bila kuzungushana. Nikavuka kwenda Alunguli, nikafungua nyumba ya Mwalimu kwa ule ufunguo, nikachukua ubao. Mama Feza alitoa uzi na sindano kwenye mashini, akaulaza ubao juu ya meza yake, akaniketisha.

Mashini ya kushona si harimoni, sitaki mnicheke. Yenyewe ina sahani moja ya kukanyagia, harimoni ina pedali mbili. Lakini tabia ni moja. Ukisita kidogo, gurudumu linarudi nyuma, na mshonaji mzima anajua umesita. Mwanzoni Mama Feza alinikataza kugusa ubao. Nikanyage tu. Nikanyage nikiongea na wateja, nikichambua mchele, nikigombana. Alikuwa ananichokoza makusudi, ananiuliza nitaolewa lini, na gurudumu likirudi nyuma anapiga kofi na kusema, "Uzi umekatika!" Siku moja nilibishana kwa ukali na mteja aliyedai mikono ya gauni lake ni mifupi. Nilipomaliza, Mama Feza alinionyesha chini kwa kidevu. Miguu yangu ilikuwa inaenda peke yake, na vidole vyangu vilikuwa vimeanza wimbo wa sadaka kwenye ubao bila mimi kuviambia.

Noeli ile nilipiga peke yangu. Baba Paroko alisema tu kwamba nimeenda haraka mno kwenye wimbo wa utukufu, na kwa mtu kama yeye hiyo ilikuwa sifa.

Kazi zikafuatana. Masela Direktrisi, mtawa mkuu wa shule ya wasichana, alinichukua kufundisha solfeji. Alikuwa mkali, aliingia darasani bila kubisha na kuwasimamisha watoto mmoja mmoja waimbe do, re, mi kupanda na kushuka, nami nikiogopa kuliko wao. Baadaye nilitumwa Pangi kuwafundisha viongozi wa kwaya za vijijini. Wenzangu walinipa pole kwa sababu ya barabara. Hawakujua kwamba niliiomba kazi hiyo mwenyewe. Kila kijiji niliuliza habari za mzee mwenye chuma cha meno mawili. Mahali pamoja walinipeleka kwa mzee aliyekuwa akigonga kijiko kwenye sufuria na kuimba, nikakimbia hadi mlangoni. Hakuwa yeye. Nilimwachia sabuni, nikaondoka.

Niliporudi Kindu nilifundisha wengi, na wote walianzia mahali pamoja, kwenye mashini ya Mama Feza, aliyoniachia alipofariki. Hapo ndipo nilipopoteza wanafunzi. Wazazi walikuja wakanikuta nimemkalisha mtoto kwenye mashini isiyo na uzi, wakakunja uso. Mama mmoja alinieleza wazi kwamba alileta mtoto kwa muziki, si kwa kushona. Wakawapeleka kwa vijana wenye piano ya umeme, ambako mtoto anapiga wimbo tangu wiki ya kwanza. Siwalaumu. Ila kila aliyeondoka, nilisikia ile sauti ya Alunguli: usifike pale miye nimefika. Na mkono wangu wa kuume ulikuwa umeanza kufa ganzi.

Mwaka nilioacha kazi, alikuwa amebaki mmoja, Furaha, binti anayeuza sombe, mboga ya majani ya muhogo, pamoja na mama yake. Miguu yake ilikuwa mizito. Uzi wake ulikatika kila mara, naye aliomba msamaha kila mara, mpaka nikaomba Mungu anisamehe kwa hasira zangu. Parokia ilikuwa imeshapata piano ya umeme, na Baba Paroko mpya akampa Furaha hiyo apige. Harimoni ikabaki ukutani imefunikwa kitambaa, vyungu vya maua juu yake. Nikajiambia basi, Zawadi, umefika pale.

Pasaka hii nilikaa benchi la katikati kama muumini yeyote. Katikati ya utukufu, jenereta nje ikakohoa, ikazima. Piano ikakatika na taa zikazima pamoja nayo. Kwaya ikayumba. Nikamwona Furaha anasimama, anaondoa vyungu kimoja kimoja, anavuta kitambaa. Nilitaka kuinuka nikapige magoti chini pale kama Mama Feza, lakini magoti yangu si ya kuamrishwa tena. Nikashika benchi la mbele kwa mkono mzima.

Kabla ya sauti yoyote nikasikia mbao zinalia chini, kwii, kwaa, kwii, kwaa, polepole, bila kusita. Miguu. Ameanza na miguu. Kisha harimoni ikafunguka, na watu wakaimba.

Nami niliimba, huku nakanyaga sakafu chini ya benchi kama mwendawazimu. Wimbo ulipokwisha ndipo nilipotambua kwamba, kwa mara ya kwanza tangu Mwalimu aondoke, sikuwa nimeangalia mlango.